"Mwanangu ameandikiwa dawa ya nguvu za kiume": sildenafil na presha ya mishipa ya mapafu

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina binti wa miaka 9, uzito wake kilo 24, tunaishi kanda ya ziwa. Tangu mwaka jana akikimbia kidogo tu anahema sana, midomo inabadilika rangi, na mara mbili amezimia shuleni. Tulitibiwa pumu kwa miezi bila nafuu. Hospitali ya rufaa wakampima ECHO, wakasema presha iko juu kwenye mishipa ya mapafu, ni ugonjwa wa nadra, wakamwandikia sildenafil miligramu 20 mara tatu kwa siku. Kwenye duka la dawa kijana alicheka, akasema hiyo ni dawa ya nguvu za kiume, anazo za miligramu 100 tu, nikamkatie vipande vitano. Wifi yangu anasema mtoto anafanyiwa majaribio na atavunja ungo kabla ya wakati. Baba yake anataka tuache. Ametumia wiki tatu, za kwanza tulipewa hospitali, na naona kuhema kumepungua. Je, niendelee?"

Jibu:

Pole sana, mama, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuacha. Nianze na jibu lenyewe: usimwachishe dawa. Sildenafil ni dawa inayotambulika kwa ugonjwa aliotajiwa binti yako, na kipimo cha miligramu 20 mara tatu kwa siku ndicho kinachokubalika kwa mtoto aliyezidi kilo 20. Kuikatisha ghafla kuna hatari yake, nitaieleza. Lakini yapo mambo mawili katika barua yako yanayonitia wasiwasi, na hakuna hata moja kati ya yale yanayomsumbua wifi. La kwanza ni ile tembe ya miligramu 100 ya kukatwa vipande vitano. La pili ni kwamba umenitajia ECHO peke yake, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na kwa ugonjwa huu ECHO huwa ni mwanzo tu wa uchunguzi.

Kicheko cha yule kijana wa dukani kimewaumiza bure. Ni kweli sildenafil ndiyo iliyomo ndani ya Viagra. Ila haikutafutwa kwa ajili ya nguvu za kiume. Watafiti wa kampuni ya Pfizer, katika maabara yao ya Sandwich kusini mwa Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya moyo, ya kutuliza maumivu ya kifua yanayotokana na mishipa ya moyo kuwa myembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliijaribu kwa wanaume wa kujitolea, wakiwemo wa Merthyr Tydfil huko Wales. Kwa maumivu ya kifua haikufanya la maana. Ila wanaume wale walieleza athari ambayo hakuna aliyeitarajia, kampuni ikabadili mwelekeo, na Machi 1998 dawa ikaidhinishwa Marekani kwa tatizo la uume kutosimama. Kwa hiyo hata hiyo kazi iliyoipa jina ni kazi yake ya pili. Kazi ya tatu, ya mishipa ya mapafu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Jina la biashara likawa Revatio, tembe za miligramu 20, lakini kiini ni kilekile.

Sasa inafanyaje kazi? Ukuta wa ndani wa mishipa ya damu hutoa hewa kidogo sana iitwayo oksidi ya nitriki. Waliogundua kazi yake mwilini, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo wa 1998. Hewa hiyo huamsha ndani ya misuli ya mshipa kemikali iitwayo cGMP, na cGMP ndiyo inayoiambia misuli ilegee ili mshipa upanuke. Mwili hautaki mshipa ubaki wazi muda wote, kwa hiyo una kimeng'enya cha kuivunjavunja cGMP, kiitwacho PDE5. Sildenafil hukizuia kimeng'enya hicho. Yenyewe haitoi amri ya mshipa kufunguka. Inachofanya ni kuzuia amri iliyokwisha kutolewa isifutwe mapema.

Kimeng'enya hicho kimejaa sehemu mbili hasa: kwenye uume, na kwenye mishipa ya mapafu. Siri yote ni hiyo. Kwa mwanamume, pasipo msisimko oksidi ya nitriki haitolewi kule, na dawa haina cha kulinda. Kwa binti yako inafanya kazi kwenye mapafu. Si homoni, haigusi mayai wala kizazi, na haina njia ya kumfanya avunje ungo mapema. Hilo mwambie wifi bila kusita.

Nieleze na ugonjwa wenyewe, maana neno "presha" limetuchanganya wengi. Presha tunayopimwa kwenye mkono ni ya mishipa inayotoka upande wa kushoto wa moyo kwenda mwili mzima. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni tu, safari fupi, kwa nguvu ndogo, na ukuta wake ni mwembamba. Mishipa ya mapafu ikibana na kuta zake zikawa nene, upande huo mwembamba unalazimika kusukuma kuliko ulivyoumbwa. Ni sawa na kusukuma maji kwenye mpira uliokanyagwa: anayepampu ndiye anayechoka kwanza. Mtoto anapokimbia, mwili unadai damu zaidi, moyo unashindwa kuipitisha, ubongo unakosa damu, anaanguka. Ndiyo maana dawa za pumu hazikumsaidia: njia za hewa hazikuwa na tatizo. Mtoto anayezimia akiwa anakimbia apimwe moyo haraka, na hili nawaandikia na walimu wanaosoma hapa.

Kuhusu "majaribio". Kutumia dawa ya zamani kwa ugonjwa mwingine ni jambo la kawaida katika tiba, na kwa magonjwa ya nadra mara nyingi ndiyo njia ya haraka zaidi. Ulaya huhesabu ugonjwa kuwa wa nadra ukiwapata watu wasiozidi 5 katika kila 10,000, na kampuni husita kutumia fedha na miaka mingi kutengeneza dawa mpya kabisa kwa watu wachache namna hiyo. Dawa ambayo tayari imetumiwa na wengi ina faida kubwa: madhara yake yanajulikana, na jinsi mwili unavyoitoa inajulikana. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kwamba walimpa mtoto mchanga propranolol, dawa ya zamani ya moyo na presha, kwa sababu moyo wake ulikuwa na shida. Mtoto huyo alikuwa pia na uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu usoni. Kesho yake uvimbe ukaanza kubadilika rangi na kulainika. Leo propranolol ndiyo dawa ya kwanza kwa uvimbe wa aina hiyo. Karibu na kwetu zaidi ni haidroksiyurea, dawa ya saratani ambayo sasa inawapunguzia maumivu watoto wenye selimundu (sikoseli). Utafiti wake uliotangazwa 2019 ulihusisha watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda.

Lakini sitaki nikupe picha ya kwamba ukishajua jinsi dawa inavyofanya kazi, basi unaweza kuihamisha popote. Sildenafil yenyewe imetufundisha vinginevyo. Wagonjwa wa selimundu nao hupata presha ya mapafu, na kwa hesabu za karatasi dawa hii ilipaswa kuwasaidia. Utafiti ulifanywa Marekani na Uingereza, ukasimamishwa kabla ya wakati mwaka 2009 kwa sababu waliopewa dawa walilazwa kwa maumivu makali zaidi kuliko waliopewa tembe isiyo na dawa. Uholanzi, mwaka 2018, utafiti wa kuwapa wajawazito ambao watoto wao hawakui vizuri tumboni nao ulisimamishwa, baada ya watoto wengi zaidi kupata matatizo ya mapafu na kufa wakishazaliwa. Ni dawa ileile, kimeng'enya kilekile, nia njema ileile. Kwa hiyo, mama, kama binti yako hajawahi kupimwa selimundu, omba apimwe. Kanda ya ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huo, na jibu la kipimo hicho linaweza kubadili uamuzi wa daktari.

Ugonjwa wa binti yako una ushahidi wake. Utafiti mkuu wa watu wazima, uliochapishwa 2005, ulikuwa na wagonjwa 278. Baada ya wiki 12, waliopewa miligramu 20 mara tatu kwa siku waliweza kutembea wastani wa mita 45 zaidi ndani ya dakika sita wakilinganishwa na waliopewa tembe tupu. Mita 45 zinaweza kuonekana kidogo. Kwa mtu ambaye kutoka kitandani hadi chooni ni safari, si kidogo. Waliopewa miligramu 80 mara tatu waliongeza mita 50, yaani kuzidisha dozi mara nne kulileta tofauti ya mita tano tu.

Kwa watoto habari ina kona zake, na una haki ya kuzijua, maana mtu anaweza kukuonyesha nusu ya habari kwenye simu ukashtuka. Ulaya iliidhinisha sildenafil kwa watoto wa kuanzia mwaka 1 hadi 17 mwaka 2011: miligramu 10 mara tatu kwa wasiozidi kilo 20, miligramu 20 mara tatu kwa waliozidi. Mwaka uliofuata, Agosti 2012, mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo dhidi ya kuwapa watoto, kwa sababu katika ufuatiliaji wa muda mrefu watoto waliopewa dozi kubwa walikufa zaidi kuliko waliopewa dozi ndogo. Mwaka 2014 ikafafanua kwamba daktari anaweza kuitumia akiona faida inazidi hatari, na 2023 nayo ikaidhinisha kwa watoto. Ninachokisoma katika mlolongo huo ni kimoja: kwa mtoto, dozi ndogo iliyopangwa kwa uzito inasaidia, na kuipandisha kwa kudhani atapona haraka kunaweza kumwua. Akipungua kuhema, usiongeze. Akizidi kuhema, usiongeze pia, mpeleke hospitali.

Ndiyo maana ile tembe ya miligramu 100 inanisumbua. Mimi ni mfamasia wa hospitali na nimeziona tembe hizo zikikatwa kwa wembe juu ya meza. Kuigawa mara mbili inawezekana, mara nne kwa shida, mara tano haiwezekani. Kipande kimoja kitakuwa na miligramu 12, kingine 30, na unga uliobaki mezani ni dawa pia. Mtoto atakuwa anapewa dozi tofauti asubuhi, mchana na usiku. Rudi kwenye famasi ya hospitali iliyomwandikia ukaulize tembe za miligramu 20. Zikikosekana, mfamasia anaweza kusaga tembe kubwa na kutengeneza dawa ya maji yenye kipimo kinachojulikana, unampimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hapo soma lebo kwa makini sana. Ikiwa kila mililita moja ina miligramu 2.5, miligramu 20 ni mililita 8. Ikiwa kila mililita ina miligramu 10, ni mililita 2. Nimeona mzazi aliyebadilishiwa chupa akaendelea na mililita zilezile za chupa ya kwanza. Kila ukipewa chupa mpya, mwambie mfamasia akuonyeshe kwenye bomba mstari wa kuishia, na umwombe aandike tarehe ya mwisho ya kutumia. Kama kuna tembe za 25 pekee, daktari ndiye aseme kama zinafaa.

Usinunue sildenafil ya kuuzwa mkononi au mtandaoni, wala zile "za asili" za wanaume. Dawa hii ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani, kwa sababu wanaoitafuta kwa siri ni wengi. Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, angalia pakiti imefungwa na ina namba ya toleo, na ukiwa na shaka toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Nije kwenye uchunguzi. ECHO inakadiria presha ya mapafu, haiipimi moja kwa moja. Presha hiyo hupanda kwa sababu nyingi, na sildenafil inafaa kwa baadhi tu. Kama tatizo liko upande wa kushoto wa moyo, kwa mfano valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, jambo tunaloliona sana kwa watoto wetu, kufungua mishipa ya mapafu kunaweza kujaza maji mapafuni, na tiba inayotakiwa ni ya valvu. Kama kuna tundu la kuzaliwa nalo, huenda linazibika, au muda wa kuliziba umepita, na uamuzi huo unahitaji vipimo kamili. Ninyi mnaishi jirani na ziwa, kwa hiyo kuna kichocho. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huharibu ini, na mayai yake hufika mapafuni yakaumiza mishipa. Kwa umri wake si sababu ya kwanza ninayoifikiria, lakini kipimo cha choo ni rahisi na dawa yake, prazikwanteli, inapatikana. VVU navyo vinaweza kuleta ugonjwa huu, na vipimwe bila aibu.

Kipimo kinachothibitisha ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au shingo hadi upande wa kulia wa moyo na kupima presha humohumo. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inafanya. Najua nauli na siku za kukaa Dar es Salaam ni mzigo. Naomba mjipange, kwa sababu kipimo hicho hutoa jibu jingine la thamani: wagonjwa wachache, mishipa yao ikijaribiwa kwa dawa wakati mrija umo ndani, hufunguka vizuri sana. Hao wanaweza kutumia dawa za presha za kawaida, nifedipini au amlodipini, ambazo ni za bei nafuu. Asiyepimwa hivyo asipewe dawa hizo kwa kubahatisha, maana zinaweza kumwangusha presha ya mwili na moyo ukashindwa.

Dawa itampa nini? Haitaondoa ugonjwa. Itampunguzia moyo mzigo, ahema kidogo, atembee zaidi, na kwa watoto wengi dawa ya pili huongezwa baadaye. Miaka ya 1980, kabla ya dawa hizi, wagonjwa wazima waliofuatiliwa Marekani nusu yao walikuwa wamefariki ndani ya miaka isiyofika mitatu. Leo hali ni bora zaidi ya hapo, lakini ugonjwa bado ni mzito, na asikudanganye mtu kwamba mizizi au maombi peke yake yanatosha. Omba, mama, na dawa apewe.

Sildenafil hupungua mwilini haraka, nusu yake hutoka kwa kama saa nne, ndiyo maana ni mara tatu kwa siku. Mpe alfajiri kabla ya shule, akirudi mchana, na kabla ya kulala. Ukisahau, mpe ukikumbuka, ila kama dozi inayofuata imekaribia, ruka, usimpe mbili kwa pamoja. Ikikatika ghafla, presha ya mapafu inaweza kurudi kwa kishindo kuliko mwanzo, kwa hiyo kanunue nyingine wakati bado una ya wiki nzima. Kuumwa kichwa, uso kuwa wa moto, tumbo kuvurugika na kutokwa damu puani kidogo ni madhara ya kawaida na mara nyingi hupungua. Kila akiandikiwa dawa nyingine, taja sildenafil kwanza. Erithromaisini, klarithromaisini, ketokonazoli na baadhi ya ARV kama ritonavir huipandisha kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi, jamii ya nitreti, haziruhusiwi kabisa pamoja nayo.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, akizimia tena, akikohoa damu, midomo ikiwa ya bluu akiwa ametulia, kifua kikimuuma, miguu au tumbo likivimba, au akipoteza ghafla kuona au kusikia. Michezo ya mbio aache kwa sasa, na mwalimu wake apewe barua ya daktari, asije akaadhibiwa kwa uvivu.

Na baba yake, mwende naye kliniki safari hii. Akae ndani ya chumba, aulize mwenyewe mbele ya daktari yale anayokuuliza wewe nyumbani: ugonjwa ni wa kundi gani kati ya sababu nilizotaja, umethibitishwaje, mrija utapitishwa lini, na dawa za mwezi ujao zitapatikana wapi.